Mkoba wa Mamba Safarini Ulaya

Juma lililopita nilipanga foleni kwenye ofisi ya wanyamapori hapa Morogoro. Mbele yangu alikuwa mama mmoja wa Mwembesongo, anakwenda Ulaya kumtembelea binti yake. Alikuwa ameambiwa kwamba mkoba wake wa ngozi ya mamba hautoki nchini bila kibali. Wifi yake, aliyemsindikiza, alikaa kwenye benchi la nyuma akitutangazia.

"Huo mkoba, harusini haturuhusiwi hata kuugusa. Mamba halisi!"

Ofisa, kijana mpole, akaugeuza mkoba, akachungulia pale mkanda ulipochanika, akaona kitambaa. Akainama na kusema kwa sauti ya chini, nami nikasikia kwa kuwa nilikuwa nyuma tu ya mama huyo.

"Mama, huu hauhitaji kibali. Ni plastiki. Nenda nao tu, safari njema."

Mwingine angeshukuru. Mama yule aligeuka kwanza kumtazama wifi yake, kisha akapaza sauti.

"Haya mwanangu, kama sheria ya mamba ni ngumu hivyo, basi nauacha!"

Ofisa akamrudishia mkoba.

Wifi alikuwa ameshafika. "Niachie mimi, wifi, nitakutunzia." Akaushika kwa mikono miwili, kama anapokea mtoto mchanga.

Mama hakuuachia mara moja. "Lakini angalia mvua," akaonya. "Ukilowa tu, unabanduka."

Nimekulia kando ya mto Ngerengere. Mamba anayeogopa maji, huyu ndiye wa kwanza kumwona.