Donge la Mlangoni mwa Ghala

Ghala letu la Gachoka lilinuka ndengu kavu, vumbi na mkojo wa panya, na hadi leo harufu hiyo hunirudisha kwenye wiki moja nilipokuwa na miaka kumi. Jumatatu niliokota mlangoni mwake donge la kijivu, refu kama kidole gumba, limejaa manyoya na vifupa vikichomoza. Nilipiga kelele, na hapo ndipo nilipoharibu mambo. Mama alilitazama, akarudi nyuma. "Hiyo kitu imewekwa na mtu. Usiishike." Aliyepita hapo jana yake, kurudisha ungo, ni jirani yetu Mama Njeru, mjane aliyeninywesha uji kila nilipotoka shule. Kufikia jioni neno uchawi lilikuwa limefika kisimani. Jumamosi ilikuwa zamu yake ya ngwatio, wanawake wote wampalilie ndengu kama yeye alivyowapalilia, na sasa hakuna aliyetaka kukanyaga shamba lake. Peke yake angezidiwa na magugu.

Lisemwalo lipo, walisema. Mimi, mkaidi toka tumboni, niliona lisemwalo lichunguzwe kwanza. Nililichukua donge kwa jani, nikaliloweka kwenye kifuniko cha sufuria kuukuu, nikalichambua kwa mwiba nyuma ya zizi la mbuzi. Yalitoka mafuvu matatu madogo, yenye meno marefu ya mbele: panya. Lakini nani angefunga panya watatu katika donge moja? Alhamisi alfajiri nilitumwa ndengu ghalani, nikamkuta bundi juu ya boriti. Alinyoosha shingo, akapanua mdomo kama mtu aliyekabwa, na donge jingine likaanguka miguuni pangu, bado lina unyevu. Nilimpelekea Mama, pamoja na yale mafuvu.

"Kwa hivyo ni matapishi ya ndege," alisema polepole.

Jumamosi alikuwa wa kwanza shambani kwa Mama Njeru, na wengine wakafuata. Jua lilipopanda, Mama Njeru alisimama akauliza, "Na kama huyu mtoto hangeona hiyo ndege?" Mama aliendelea kulima, hakuinua kichwa.

Siku hizi mwanangu hukielekezea simu chochote alichookota, na kabla sijavaa miwani ameshapata jina lake. Namwonea wivu, kusema kweli. Mama na Mama Njeru wamezeeka, na bado wanapaliliana kila msimu. Lile swali Mama hajalijibu.