Kifuniko cha Chupa

Jirani yetu hapa mtaani Umoja huendesha gari lenye vitanda, jiko na bafu, akiwapeleka watalii kwa msafara hadi jangwa la Chalbi. Akirudi huketi mlangoni na chupa ya maji, na kila akipiga funda moja hukaza kifuniko kwa vidole vyake vinene. Jana nilimwuliza, "Anko, kweli watu wanaoga ndani ya gari, jangwani?"

"Wanaoga," akasema polepole. "Na watoto wanasimama kando ya barabara wakitupungia chupa tupu."

"Mnawapa maji?"

"Msafara hausimami."

"Lakini si wewe ndiye unashika usukani!" nikaropoka.

Hakuniangalia. Akakaza kifuniko, na kilikuwa kimekazwa tayari, kisha akakikaza tena.