Kuba ya Buluu Kwenye Sahani ya Bati

Juzi nimeletewa kifurushi hapa Mikocheni. Nikakigeuza huku na huku nikitafuta stempu, kumbe ni stika yenye mistari mistari tu. Bodaboda aliyekileta akaniuliza, "Braza, unatafuta pesa?" Nikacheka. Stempu inaniogopesha mpaka leo, ndugu yangu, na ruksa kunicheka.

Enzi hizo tulikaa Temeke. Wazazi wangu walimu wa kutoka bara, watu wa kanisa; jirani yetu bibi wa Kihindi, Mshia, mjane. Wenzangu wakicheza mpira, mie nilikuwaga sebuleni kwake, nakunywa chai ya iliki na kubandua stempu. Unakata kona ya bahasha, unailoweka kwenye sahani ya bati, stempu inajiachia taratibu, unaianika juu ya gazeti. Bibi alipenda misikiti ya kale: matao ya Kilwa, minara ya Misri. Nilijua kuba nyingi kuliko nyimbo za kwaya, na mama hakufurahi.

Siku moja bibi akaingia chumbani kuswali. Ndani ya albamu nikaona postikadi yenye stempu ya kuba ya buluu, vigae vyake vinameta. Nikaogopa kuikata nisije nikaiharibu. Kwa uangalifu wangu huo, nikailoweka nzima.

Wino ukatoka, kwanza kama uzi, kisha sahani yote ikawa buluu. Nikakimbilia nyumbani, nikajifunika blanketi, saa kumi alasiri, na joto lile la Temeke!

Siku tatu, geti likigongwa tu, mie uvunguni. Mama akainama kunichungulia. "Bibi analia kule. Kadi ya mwisho ya marehemu mumewe, aliyomtumia toka ziara ya makaburi ya maimamu wao kabla hajafia huko, imefutika yote. Unajua chochote?"

"Sijui, mama."

Siku ya nne bibi akaja mwenyewe.

"Shikamoo, bibi," nikasema, nikikaza shavu kusubiri kofi.

"Marahaba." Akaniwekea stempu kiganjani, imekauka vizuri. "Chukua. Si ndiyo ulikuwa unaitaka?"

Akaondoka. Bora angenichapa.

Bibi alishafariki, na pale kwake pamejengwa maduka. Maandishi yale yalikuwa ya Kigujarati. Sikujua hata herufi moja. Nilifuta maneno ya mwisho ya mtu kwa mkewe bila kujua yalisema nini, na miaka yote aliyokuwa hai, niliogopa kumuuliza.