Nilitiki "Hakuna Mabadiliko" kwa Sababu Alijibu Salamu

Admin, nakuomba ufiche jina langu, mtaa wangu, hata rangi ya sare yetu. Mtu mmoja kazini akitambua maandishi haya, nimekwisha.

Nina miaka 24, ni karani katika kliniki ya uzazi hapa Nakuru. Tunasaidia wanawake kupata mimba kwa mbegu za wanaume wanaochangia. Kila mwaka mimi huwapigia wachangiaji simu kuuliza kama kuna ugonjwa mpya katika familia zao, ili kina mama waliozaa kwa mbegu hizo waambiwe. Kuna mmoja wa Olenguruone, mtu mpole. Mara tatu nimemwuliza, "Habari ya familia?" Mara tatu akajibu, "Nzuri tu, madam." Nami nikatiki: hakuna mabadiliko.

Mwezi jana alikuja mwenyewe na barua ya hospitali. Ndugu zake wawili walianguka wakafa, mmoja akiwa shambani, mwingine akicheza mpira. Ni ugonjwa wa moyo unaorithiwa, na yeye pia anao.

"Lakini uliniambia ni nzuri," nikasema.

Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto. "Si ulinisalimia? Siku ile ulipiga tulikuwa tumemzika wa kwanza juzi yake. Lakini mtu akikusalimia utamjibu nini? Waambie hao wamama watoto wapimwe."

Nilimpelekea boss barua. Aliisoma mara mbili, akaifungia kwenye droo. "Faili inasema hakuna mabadiliko. Iache hivyo." Nilipomkumbusha kuwa kuna watoto wanne waliozaliwa kwa mbegu hizo, akacheka. "Tiki ni ya nani? Ukifungua mdomo, nitawaonyesha mwandiko wako."

Nina hasira. Hasira na yeye, anayewachekea kina mama wakileta picha za watoto tubandike ukutani. Hasira na mimi, niliyesoma miaka yote hiyo nikashindwa kutofautisha swali na salamu.

Juzi mama mmoja wa Kiamunyi alipita na mtoto wa mchangiaji huyo, mvulana wa miaka saba. "Madam, huyu amechaguliwa kukimbia mashindano ya shule," akaniambia. "Ila siku hizi anachoka haraka. Nadhani ni uvivu tu." Boss alikuwa amesimama mlangoni. Nikasema, "Hongera." Hilo tu. Mashindano ni wiki ijayo.

Nambari ya mama huyo ninayo. Nikimpigia, nitafukuzwa, pengine nishtakiwe kwa kutoa siri za faili. Nisipompigia, mtoto atakimbia. Nishaurini, nifanye nini?

Msinitafute inbox, simu yangu hukaa juu ya meza ya kazi na boss hupita hapo. Andikeni hapa chini, nitasoma saa ya chakula. Na tafadhali msianze kwa kuniuliza habari zangu. Nitajibu nzuri.