Jiwe la Kijani Mbele ya Kamati

Masharti ya ufadhili wetu wa masomo yalienea kwenye karatasi moja. Mwombaji awe msichana wa Kitui au Makueni, awe amepata nafasi chuo kikuu kusomea uhandisi wa migodi au elimu ya metali, na siku ya mahojiano aje na jiwe moja kutoka kwao.

Sharti la jiwe liliwekwa na mama wa marehemu tunayemkumbuka kwa ufadhili huu. Ni mkulima wa Mutomo, mjane, na sote tunamwita Mwaitu, yaani mama, hata sisi tunaokaribiana naye umri. Binti yake alikuwa mhandisi wa migodi. Akija likizo alizunguka makorongoni na nyundo, akivunja mawe na kuyagusa kwa ulimi ili rangi zake zijitokeze. Siku moja jirani alimvuta Mwaitu pembeni sokoni akamnong'oneza, "Huyu wako anayekula mawe, ana mimba ya miezi mingapi?" Mwaitu husimulia kisa hicho akicheka mpaka anajifuta macho. Binti aliugua akafa akiwa bado kijana. Wenzake wa kazini wakaungana na familia kuanzisha ufadhili kwa kumbukumbu yake. Huchukua msichana mmoja tu kwa mwaka.

Mwaka ninaoukumbuka zaidi niliombwa kuandika yaliyosemwa kikaoni. Tulikutana katika ukumbi wa kanisa, saa tatu asubuhi. Kamati ilikuwa ya watu watatu: Mwaitu, mwalimu mkuu mstaafu, na mtaalamu wa miamba aliyewahi kufanya kazi na marehemu.

Tatizo lilijitokeza mapema. Wasichana walikuwa wameyaosha mawe yao. Mtu haendi kwa wageni na kitu kichafu, na hawa walikuwa wamelelewa vizuri. Aliyetoka Tulia alikuwa amelisugua lake kwa waya wa kusugulia sufuria, kisha akalipaka mafuta ya kupikia ling'ae. Mtaalamu alipolishika lilimteleza likaangukia makaratasi yake.

"Sasa hili naliangalia ama nalikaanga?" akauliza.

Msichana mwenyewe ndiye aliyecheka kwanza. Lakini kuanzia hapo mtaalamu aliamua kila jiwe livunjwe, ili tuone ndani, mahali ambapo hakuna aliyepaosha. Akatandika gunia sakafuni, akaweka nyundo juu yake. Jiwe la msichana wa Tulia lilivunjwa, na ndani lilikuwa vile vile alivyokuwa ameeleza. Mwalimu alimwandikia alama nzuri.

Wa mwisho alitoka upande wa Kiboko. Alikuja na baba yake, wakiwa njiani tangu alfajiri kupitia Kibwezi na Ikutha. Baba alibaki nje kwenye benchi, chini ya dirisha. Barua ya chuo ya msichana huyu ilikuwa ya mwaka uliotangulia. Alikuwa ameahirisha kwa kukosa karo, na chuo kilikuwa kimemwandikia kwamba asiporipoti muhula huo nafasi yake itapewa mwingine. Aliisoma barua hiyo kwa sauti bila kuomba huruma, akaikunja, akaiweka mezani.

Kisha akatoa jiwe la kijani. Alisema ni la shaba, lilitoka shambani kwao, walilifikia wakichimba shimo la choo. Kijani kile, akaeleza, ni shaba iliyoshika kutu. Madalali walikuwa wamekuja mara mbili kuulizia shamba, na baba yake akakataa kuuza. Aliulizwa jinsi shaba inavyotenganishwa na mwamba, akaeleza hatua kwa hatua, vizuri kiasi kwamba hata mimi nilielewa. Mwalimu alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Vizuri," mtaalamu akasema. "Livunje."

Alipiga magoti, akakunja sketi, akalipiga. Pigo la tatu lililipasua. Akaokota kipande akakipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Alikitazama kwa muda, kisha akaomba kisu. Mwaitu alimpa kile tulichokatia mkate wa chai. Akakwaruza penye kijani, akapuliza, akakwaruza tena. Mtaalamu alikuwa ameegemea kiti chake, kimya kabisa.

"Si shaba," msichana akasema.

"Ati nini?" Mwalimu akauliza.

"Si shaba, Mwalimu. Kijani cha shaba ni laini, kisu kingekichuna. Hapa kisu ndicho kinachoisha. Na rangi imeenda mpaka ndani, ilhali kutu ingekaa juu na kwenye nyufa. Sijui hili linaitwaje, lakini nilichowaambia si kweli."

Benchi la nje lililia. Uso wa baba yake ukatokea kwenye wavu wa dirisha.

"Wee! Unasema nini huko ndani?"

"Si shaba, Baba."

"Na wale madalali?"

"Hata wao hawakulivunja, Baba."

Msichana alitoka nje kungoja. Mwalimu ndiye aliyeanza, na sikumlaumu, kwa kuwa kazi yake ya maisha ilikuwa kusahihisha. "Ametueleza jambo kwa uhakika na halikuwa kweli," alisema. "Yule wa Tulia hakukosea popote."

Mtaalamu alisema amewahi kuona wanaume wenye digrii wakichimba mahali pasipo na kitu msimu mzima, kila mmoja akijua, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kufungua mdomo.

Mwaitu alimgeukia. "Wewe uliona lini kwamba si shaba?"

"Lilipotoka kwenye mfuko."

"Na ukanyamaza."

"Nilitaka kuona."

"Basi umeona," Mwaitu akasema. "Barua yake iko hapo mezani, anajua akikosa leo amekosa. Baba yake yuko dirishani. Na bado hakungoja umwambie wewe."

Mwalimu alivua miwani, akaipangusa kwa tai yake taratibu. Kisha akaisogeza barua ya msichana wa Kiboko kwangu. "Andika huyu," akasema.

Mwaitu mwenyewe ndiye aliyetoka kumpa habari. Msichana alimshukuru kwa mikono miwili, halafu, akiwa bado na machozi, akarudi ndani kumuuliza mtaalamu lile jiwe ni nini hasa. Wakachuchumaa wote wawili juu ya vipande, wakibishana kuhusu uzito na ugumu, na suruali ya mtaalamu ikiwa vumbi tupu magotini.

Huko nje baba alikuwa amesogea kando, akiongea kwa simu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Hapana, bwana, usije tena. Hakuna shaba." Akasikiliza kidogo. "Wacha kubishana na mimi. Nimeambiwa na injinia."