Wimbo wa Rebeka, Jina la Felisiani

Mwalimu Felisiani, mwalimu wa kwaya pale Murangi, ana dhambi moja iliyomnyima meza ya Bwana miaka sita. Kila Jumapili ya ushirika anajifanya anatengeneza kinanda. Anachomoa nyaya, anachomeka, mpaka vikombe vikusanywe, na waumini wanasema, jamani, mwalimu wetu anavyojituma! Kujituma gani? Mtu anajificha.

Dhambi yenyewe ni wimbo wa ushindi, ule unaosema mauti imemezwa, ambao kwaya za Musoma na Bunda zinauimba mpaka mazishini. Juu ya karatasi ya nota imeandikwa: Mtunzi, Mwalimu Felisiani. Uongo mtupu. Wimbo ni wa Rebeka, mwanakwaya wake, mama wa kuanika dagaa pale mwaloni, mitumbwi ya wavuvi inapotia. Mwanawe wa pekee, Onesmo, alizama ziwani na mtumbwi. Mwezi haujaisha, Rebeka akaanza kuimba huku akigeuza dagaa. Felisiani akapita, akasikia, akakaa chini na kalamu.

Huku kwetu aliyeandika nota ndiye mtunzi, basi. Wanaozijua ni wachache, na wasiozijua hawaulizi. Felisiani aliandika jina lake kwa mazoea, akajiambia atarekebisha kesho. Kesho ikawa studio ya Musoma. Kisha Butiama wakamwalika, wakamkalisha mbele na wachungaji, wakamletea soda kabla ya mgeni rasmi. Utamu ukamkolea. Lakini nguo ya kuazima haisitiri matako: kila aliposifiwa, aliona aibu. Na Rebeka, pale mstari wa pili na joho lake, hakusema kitu. Laiti angemgombeza! Kunyamaza kwake ndiko kulikomtesa.

Mwaka huu tamasha la kwaya likafanyika Bunda, na kamati ikaandaa ngao ya kumpa mtunzi. Felisiani akaona hapana, hii akiipokea amekwisha. Alipoitwa, akashika maikrofoni mbele ya kwaya ishirini, akasema wazi kwamba wimbo si wake, ni wa Rebeka, kwamba aliuiba na anaomba msamaha. Vigelegele vikapasuka uwanja mzima. Mchungaji akamkumbatia. Rebeka akapandishwa jukwaani, akapewa ngao, na kwaya zote zikasimama kuuimba wimbo wake. Felisiani akaongoza huku machozi yanamtoka, kifua chepesi kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita.

Ubeti wa kwanza Rebeka aliimba. Wa pili aliimba. Wa tatu akafunga mdomo.

Walipomaliza, Felisiani alimfuata nyuma ya jukwaa, akapiga magoti, mtu mzima yule, akamuuliza kama bado hajamsamehe.

"Jina langu nililihitaji la nini, Mwalimu?" Rebeka akasema. "Mimi nilikuwaga naimba, ziwa lilimmeza Onesmo. Wewe ukaandika, dhambi ilitumeza sote."

Felisiani akakumbuka. Aliliondoa jina la Onesmo kwenye ubeti wa tatu kwa sababu wimbo wa studio sharti umfae kila mtu, na hakulihesabu kuwa kosa hata siku moja. Miaka yote alijutia jina la juu ya karatasi. Hili la ndani hakuwahi kulijutia hata dakika.

"Nilikuwaga nasema, siku ukiungama utalirudisha," Rebeka akasema. "Sasa umeungama."

Felisiani akamwapia kwamba atalirudisha, atapita kila kwaya, moja moja. Lakini magari yalikuwa yameshaanza kuondoka, la Mugeta, la Guta, la Butiama, na vijana madirishani wanauimba ule ubeti wa tatu kwa nguvu zote, vilevile alivyouandika yeye. Felisiani akalikimbilia la mbele, anapunga mikono, anawaita wasimame. Wakadhani anawaaga. Wakampungia na wao, wakaongeza sauti.