Asali ya Mwenye Maua

Jioni moja wiki iliyopita nilikuwa naanua nguo uani, hapa hapa mtaani kwetu Katoyi, harufu ile ikanifikia. Si rahisi kumweleza mtu ambaye hajafuga nyuki. Ina utamu wa ndizi zilizoiva kupita kiasi, ina nta mpya ndani yake, na kwa mbali ina uchachu kidogo, kama kasiksi, ile pombe ya ndizi, iliyoanza kuchemka mtunguni. Hutoka kwenye mizinga jua linapozama, na ukiinusa ujue nyuki wako wamepata maua mengi mno, na kwamba watakesha wakipunga mabawa ili kukausha walichokileta. Mfugaji mwingine angeshangilia. Mimi niliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nguo mapajani, nikajiuliza: safari hii asali ni ya nani?

Ili mnielewe, inabidi niwarudishe kwa mama yangu.

Mama alikuwa mtu wa Lubero, mfupi, mwembamba, na akishasema neno limekwisha. Majirani walimwita Mama Masika kwa sababu Masika ni mimi, kifungua mimba wake. Papa, yaani baba yangu, alikuwa seremala. Alitengeneza mizinga mitatu ya mbao, akaipanga nyuma ya nyumba juu ya ukuta wa mawe meusi ya volkano, milango yake ikitazama kilima. Kisha akaenda Butembo kutafuta mbao, vita vikaifunga barabara nyuma yake, na habari zake zikawa za kusikia kwa watu. Siku anaondoka alimwambia mama awatunze nyuki mpaka atakaporudi. Nadhani alisema vile anavyosema mtu yeyote anayefunga safari. Mama alilichukua neno lile kama amri, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba kuna jambo la maana kuliko mizinga ya mume wake. Asali ile ndiyo tuliyobadilisha kwa unga na maharage, kwa hiyo hata sisi watoto hatukuwa na la kubisha.

Kulikuwa na desturi moja aliyotoka nayo kwa babu. Anayevuna asali hali sega la kwanza. Hulikata likiwa jeupe, hulilaza kwenye sahani, hulifunika kwa kitambaa, na hulipeleka nje kabla mtu yeyote wa nyumbani hajalamba hata kidole. Sahani yetu ilikuwa ya bati, yenye ua jekundu katikati, na haikupakuliwa kitu kingine mwaka mzima. Kila mavuno nilitumwa nayo kwa masista wa parokia, waliokuwa na msitu wa mikaratusi juu ya barabara yetu. Nilitembea nimeinyoosha mikono mbele, mate yamejaa kinywani, huku nikiwaonea wivu masista kuliko inavyoruhusiwa katika katekisimu. Kwangu mambo yalikuwa wazi: asali ya kwanza ni ya masista kwa kuwa masista ni watu wa Mungu. Mama hakunieleza zaidi, na mimi sikuuliza.

Halafu watu wakaanza kushuka kutoka vilimani. Walikuja na magodoro kichwani, na mbuzi, na masufuria yaliyokuwa bado na chakula ndani. Shule zikajaa, makanisa yakajaa, kisha nyua zetu zikajaa. Mikaratusi ya masista ilikwisha mti kwa mti, kwa kuni za kupikia, na masista wenyewe ndio waliotoa ruhusa. Ungemlaumu nani? Watoto hawali maharage mabichi.

Kwetu alikuja Mama Nyota, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, na binti yake Nyota, rika langu, na mdogo wetu sote, Bahati, aliyekuwa ndiyo kwanza anakimbia bila kuanguka. Walizungumza Kinyarwanda, sisi tulizungumza Kinande, na wakati ule wako walioona hiyo ni sababu tosha ya watu kutolala ua mmoja. Mama aliwaonyesha mahali pa kufunga turubai, akarudi jikoni kuongeza maji kwenye mchuzi.

Kijiji chao kilikuwa nyuma ya kile kilima kilichoonekana kutoka uani kwetu. Hapakuwa mbali. Kabla ya vita Mama Nyota alikuwa akishuka asubuhi na kabichi zake sokoni na kurudi kwake mchana. Sasa kilima kilikuwa na askari na hakuna aliyepita. Ufunguo wa nyumba yake aliufunga kwenye pindo la kitenge, na kila alipoketi kuchambua maharage aliketi akitazama kule.

Miezi ile ya kwanza nyuki walikuwa na njaa. Nyuki mwenye njaa hana adabu. Mama alikuwa na namna yake ya kuwapima: alinipa chembe za sukari nizinyunyize juu ya jiwe karibu na mizinga, nikae kando nitazame. Kama maua hayapo, huijia sukari mara moja na kuipigania. Kazi hiyo niliipenda, maana jiwe halikupata sukari yote niliyopewa. Siku hizo walijaa juu ya jiwe kabla sijarudi nyuma, na mama alitikisa kichwa, akainua kila mzinga kidogo kwa nyuma kwa vidole viwili. Ilinyanyuka kirahisi. Ilikuwa mitupu.

Ndipo wakamuuma Bahati. Alikwenda kuchungulia mlangoni mwa mzinga, na kufikia jioni uso wake ulikuwa umevimba hata macho hayaonekani. Alipona, lakini majirani walichachamaa, na tuseme ukweli, walikuwa na haki. Kila kona ya ua ilikuwa na mtoto amelala. Shefu wa avenue, kiongozi wa mtaa wetu, alikuja na fimbo yake, akasimama mbali, akasema mizinga iondolewe au ataichoma Jumamosi yeye mwenyewe mbele ya watu. Mama alikuwa anapepeta mchele wa kuomba. Hakuinua hata macho.

"Samedi bado haijafika, chef," alisema.

Niliogopa sana siku zile. Nilijua mizinga ikichomwa hatutakuwa na cha kubadilisha kwa chakula, na nilikuwa na hofu nyingine ya kitoto, kwamba Papa akirudi na kukuta majivu atageuza njia. Nilimuuliza mama tutafanyaje. Akaniambia nikanyunyize sukari.

Nilinyunyiza, nikakaa. Nyuki mmoja alipita, akagusa jiwe, akaondoka zake. Wa pili hakushuka kabisa. Nilikaa mpaka miguu ikafa ganzi, na mwishowe waliokuja kuichukua sukari walikuwa sisimizi. Nilimkimbilia mama kumwambia nyuki ni wagonjwa. Alitupa ungo chini akaja mbio, jambo ambalo sikumbuki kumwona akilifanya hata mabomu yalipolia.

Akanionyesha. Nyuki walikuwa wakirudi wazito, wengine wakishindwa kuufikia mlango na kuangukia kwenye mawe, wakapumzika, kisha wakapanda kwa miguu kama mama aliyetoka sokoni na kikapu. Miguuni wamebeba unga wa njano. Tulipofunua kifuniko kidogo, ukingo wa masega ulikuwa umepakwa nta mpya, nyeupe. Jioni ile ikaja harufu, na ngurumo ya mabawa ilisikika mpaka ndani ya turubai la Mama Nyota. Mama aliweka vidole viwili chini ya mzinga wa kwanza, akavuta, haukunyanyuka. Akacheka peke yake. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayepanga vita vyake, kwamba asali bado ni maji, nyuki hawajaifunika kwa nta, na hataikata kabla ya wakati wake hata aje jenerali.

Jumamosi shefu alifika amejiviringisha taulo kichwani na koti la mvua juani, kijana mmoja nyuma yake amebeba mafuta ya taa. Watu walijaa ukutani. Shefu alikaribia akijikunyata, na nyuki hawakumjali. Walimpita huku na huku, kila mmoja na safari yake. Nadhani alivunjika moyo kidogo. Mtu hujiandaa hivyo na asipate hata wa kumwuma!

Mama alisimama mbele ya mizinga, mikono kiunoni. "Chef, angalia kwanza, mbele ya kuchoma. Manyuki imepata kazi. Haina tena wakati wa kuuma mutu."

"Kazi gani?" shefu alimjibu. "Miti yote batu balishakata. Huku kwetu iko mawe na mahema tu. Maua iko wapi?"

Lilikuwa swali zuri. Kijana akatua kidumu cha mafuta chini.

Mama Nyota alikuwa ameketi mahali pake pa kila siku. Aliinuka, akaja taratibu, akainama pale kwenye mawe ambapo nyuki mmoja alikuwa anapumzika. Alimtazama miguu. Kisha akainuka akawafuata waliokuwa hewani kwa macho, mbali, mpaka juu ya kilima, mkono wake ukashika pindo la kitenge penye ufunguo.

"Iko kwetu, chef," alisema. "Maua iko kwetu. Manyuki inatoka kwa shamba yangu."

Shefu akataka kusema, lakini yule mama, ambaye hatukuwahi kumsikia akipaza sauti, akamkatiza. "Mutoto mwenye aliumwa ni wangu. Kama miye sisemi kitu, nani atasema? Muiache. Sisi wote tunashindwa kufika kule. Ni hii manyuki tu ndiyo inafika."

Shefu alikuwa mkali, ila naye alikuwa na dada aliyekwama ng'ambo ile. Alivua taulo, akajifuta jasho, akamwambia kijana abebe mafuta yake waende. Mizinga ikabaki.

Tulivuna asali ilipofunikwa yote, jua likiwa linazama, mama na moshi wake wa mavi makavu ya ng'ombe. Sijaona tena masega ya namna ile. Yalikuwa manene, yamenyooka, na asali yake ya rangi ya njano iliyokolea. Mama alikata la kwanza, akalilaza kwenye sahani ya bati, akalifunika. Mimi nilishanawa mikono tayari kwa safari ya masista. Akanipita. Alitembea mpaka kwenye turubai, akapiga magoti, akaiweka sahani mbele ya Mama Nyota kwa mikono miwili.

Mama Nyota akasema zawadi hiyo ni kubwa mno.

"Hii haiko zawadi," mama alimwambia. "Ni yako."

Yule mama alifunua kitambaa, akanusa kwanza. Akamega akamlisha Bahati, akamlisha Nyota, kisha yeye. Machozi yakamtoka, akatafuna na machozi yake bila kuyafuta. Mimi nilikasirika. Niliona hiyo ni fidia ya uso wa Bahati, na kwa maoni yangu uso wa Bahati ulikuwa umelipwa mara kumi. Nilimnong'oneza mama kwamba safari ijayo niko tayari kuumwa mimi. Alinifinya sikio, na wakati uo huo akanipa sega langu, kubwa.

Barabara zilifunguka, zikafungwa, zikafunguka. Papa alirudi, amekonda, akakuta mizinga yake. Mama Nyota alirudi kwake na ufunguo wake, na urafiki wetu na Nyota ukabaki. Nilikuwa msichana mkubwa nilipokwenda kumtembelea nyuma ya kilima. Tulikatiza shamba la jirani yao ambaye hakurudi kamwe. Lilikuwa limefunikwa na kishonanguo, yale magugu ya maua ya njano ambayo mbegu zake hukamata nguo, tukatoka upande wa pili sketi zetu zimejaa vijiti vyeusi. Nyuki walikuwa wengi humo, ardhi yote ikivuma. Nyota alisema, huku akijibandua mbegu moja moja, kwamba waliporudi shamba lao zima lilikuwa hivi, na kwamba mama yake alilima wiki nyingi kabla ya kuona udongo.

Nilikaa chini palepale. Kishonanguo hakistawi mbele ya jembe. Ile neema yetu, ile asali nene iliyotulisha sote, ilitoka kwenye mashamba yaliyokosa watu. Mama Nyota alilijua hilo tangu alipoitazama miguu ya nyuki: maharage yake yamemezwa, hakuna aliyebaki kulima, hakuna aliyebaki hata kuiba. Alipata habari mbaya za kwake mbele ya watu wote, na kwa habari hizo hizo akaitetea mizinga yetu. Na mama alipopiga magoti alikuwa anafanya kile ambacho babu alikifanya Lubero, na ambacho mimi nilikuwa nikikitimiza kwa masista bila kukijua. Sega la kwanza ni la mwenye maua. Masista walilipata kwa sababu tu ya maua ya mikaratusi yao.

Mama ametutoka. Mizinga sasa ni yangu, juu ya ukuta uleule. Na vita vimerudi. Mwenye macho anaona mahema kando ya barabara. Asubuhi iliyofuata ile harufu nilinyunyiza sukari kwenye jiwe, na sisimizi ndio walioila. Nyuki wanapita juu ya kilima kilekile, wanarudi na miguu ya njano. Moyo uliniuma sana, lakini nilijua la kufanya.

Asali haijafunikwa bado. Sahani ya bati nimeshaitoa kabatini, ua lake jekundu limebanduka nusu, na kitambaa nimekifua. Leo nimekwenda kwenye mahema, na nimeanza kuuliza, hema kwa hema, ni nani ametoka nyuma ya kilima.